Vyungu vya Lyulilo na Biashara ya Mama Zetu

Katika somo la historia twajifunza habari za misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19. Twasoma juu ya pembe za ndovu, watumwa na shanga, na karibu majina yote tunayoyakariri ni ya wanaume. Lakini wanawake nao walitembea katika misafara ile, wakibeba vyakula na vyombo na kupika kambini. Tena, ziko njia nyingine fupi za biashara ambazo mali yake kubwa ilitoka mikononi mwa wanawake. Napenda kueleza moja ya njia hizo.

Lyulilo ni kijiji kilicho karibu na Matema, wilayani Kyela, mahali ambapo tambarare inakutana na Milima ya Livingstone. Kila Jumamosi hapo pana soko la vyungu. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi, hasa wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema. Huko milima imeshuka mpaka majini, na mahali pa kulima ni pachache. Kwa hiyo Wakisi wamekaa kwa uvuvi na ufinyanzi. Vyungu huletwa kwa mitumbwi, maana chombo cha udongo hakipendi kutikiswa.

Kazi yenyewe si rahisi. Kwanza udongo huchaguliwa, hutwangwa na kukandwa mpaka usiwe na kokoto. Mfinyanzi huufinyanga kwa mkono, akiuzungusha na kuukwangua hata kuta ziwe nyembamba. Chungu hukaushwa kivulini polepole, kwa sababu kikikauka kwa haraka hupasuka. Husuguliwa kwa jiwe laini, hupakwa rangi ya udongo, na mwisho huchomwa kwa nyasi na kuni. Kitako cha mviringo hukaa vizuri juu ya mafiga matatu na kueneza moto sawasawa. Mtungi nao hupoza maji, kwa kuwa maji kidogo hupenya katika vitundu vyake na kukauka kwa upepo, yakiondoka na joto.

Zamani biashara hii ilikuwa ya mali kwa mali. Godfrey na Monica Wilson, waliochunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kwamba Wanyakyusa walipata majembe kutoka kwa Wakinga wa milimani, na vyungu kutoka kwa Wakisi. Wao walitoa chakula. Basi tazameni: Mkinga alikuwa na chuma, Mkisi alikuwa na udongo, Mnyakyusa alikuwa na ndizi na nafaka. Hapana aliyeweza kuishi vema peke yake. Njia za miguu za milimani na njia za mitumbwi ziliwaunganisha.

Siku hizi vyungu huuzwa kwa fedha, na wachuuzi huvipeleka mpaka Tukuyu na Mbeya. Fedha hizo hununua sabuni, chumvi, daftari na sare za shule. Lakini sufuria na ndoo za plastiki zimejaa kila duka, nazo hazivunjiki zikianguka. Sisi vijana nasi tuko bwenini miezi mingi ya mwaka, na kazi hii haijifunzwi kwa kitabu. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Sisemi wasichana waache shule wakafinyange. Nasema kwamba elimu ya mama zetu ni elimu pia, nayo yastahili kuandikwa. Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Kwanza, wakati wa likizo kila mwanafunzi wa upande huu amwulize bibi yake jina la kila chombo cha udongo na kazi yake, alete maandishi yake darasani. Pili, nawaomba walimu na wazazi tununue mitungi ya Lyulilo, mmoja kwa kila bweni. Tutakunywa maji baridi, na mfinyanzi atapata ada ya mwanawe.