Pete Inayoshika Metali: Je, ni Dawa Mpya?

Bakteria sugu, yaani wale wasiosikia tena dawa, ni tishio kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 pekee usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani. Ndiyo maana wanakemia wanatafuta dawa za aina nyingine, zikiwemo molekuli zenye umbo la pete iliyoshika metali katikati.

Pete za namna hii tunazo tayari. Katika damu yetu, pete iitwayo hemu imeshika chuma. Katika jani la kijani, klorofili imeshika magnesi. Vitamini B12 imeshika kobalti.

Hutengenezwaje maabara? Aina mbili za kemikali huchemshwa ndani ya alkoholi pamoja na chumvi ya metali, kwa mfano ya shaba au nikeli. Metali huvikusanya vipande vya kemikali hizo kuizunguka, navyo huungana ncha kwa ncha na kufunga pete. Unga unaopatikana huchujwa, huoshwa na kukaushwa.

Kisha huja jaribio. Bakteria kama Staphylococcus aureus, anayeleta majipu, hupakwa juu ya agari kwenye sahani. Juu yake huwekwa vikaratasi vya duara: kimoja chenye kemikali mpya, kingine chenye antibiotiki inayojulikana, na kingine chenye kiyeyusho tu, ili kulinganisha. Baada ya usiku mmoja katika joto la nyuzi 37 hivi, pale bakteria waliposhindwa kukua huonekana duara tupu, nalo hupimwa kwa milimita. Mara nyingi pete yenye metali huwazuia bakteria kuliko pete isiyo nayo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, duara kwenye sahani si tiba. Hata dawa ya kusafishia choo huua bakteria! Kinachoua seli ya bakteria chaweza kuua na ya binadamu. Ni lazima sumu yake ipimwe kwanza, na kazi hiyo huchukua miaka mingi.

Wakati tukisubiri, tuzitunze dawa tulizonazo. Tutumie antibiotiki kwa maelekezo ya mhudumu wa afya tu, tusizinywe kwa mafua, wala tusigawiane vidonge vilivyobaki. Tunawe mikono kwa sabuni, kwani ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa.