Filamu kubwa au dijitali: Ipi yafaa kuhifadhi sura ya Turkana?

KATABOI, iliyoko ufukoni magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa mji wa Lodwar, inafahamika zaidi kwa wanajiolojia kuliko kwa watalii. Jina lake limepewa tabaka la udongo wa kale ambamo mwaka 1999, katika eneo la Lomekwi, lilipatikana fuvu la Kenyanthropus platyops, kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi takriban miaka milioni 3.5 iliyopita.

Nchi hiyo, hata hivyo, haitulii. Mvua chache zinaponyesha huchonga makorongo, na katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kumeza sehemu za ufuo. Picha inayopigwa leo ndiyo itakayolinganishwa na ile itakayopigwa na mtu mwingine miaka 30 ijayo akiwa amesimama pale pale. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kamera si suala la anasa.

Kamera mbili hushindaniwa kwa kazi ya aina hii. Ya kwanza ni ile ya filamu kubwa, ambayo hutumia karatasi moja ya filamu yenye ukubwa wa inchi 4 kwa 5 kwa kila picha. Ya pili ni kamera ya dijitali ya umbo la kati, ambayo kihisi chake cha mwanga kwa kawaida kina milimita 44 kwa 33.

Kwa eneo, filamu hiyo inazidi kihisi hicho takriban mara nane. Zamani tofauti hiyo ilitosha kumaliza ubishi. Lakini mwaka 2019 Fujifilm ilitoa kamera ya GFX100 yenye pikseli milioni 102, zinazotosha kuchapa picha ya takriban sentimita 99 kwa 74 bila kupoteza makali. Filamu iliyonakiliwa kwa mashine nzuri inaweza kufikia kiwango hicho au kukipita, ila kwa sharti kwamba lenzi ililengwa barabara na kamera haikutikisika hata kidogo.

Sharti hilo ni gumu Turkana. Ili kilima cha mbali na jiwe lililo karibu vyote vionekane vizuri, mpiga picha hulazimika kubana tundu la lenzi. Kamera ya filamu kubwa huhitaji kubanwa hadi f/32, mahali ambapo ile ya dijitali hutosheka na f/11. Maana yake ni kwamba, kama unyeti kwa mwanga ni ule ule, filamu huhitaji muda mara nane zaidi. Palipo na haja ya sehemu ya nane ya sekunde kwa dijitali, filamu hudai sekunde nzima.

Katika sekunde hiyo upepo huwa umekwisha kuyumbisha makuti ya mikoma na mifuko ya ngozi inayounganisha lenzi na filamu. Upepo wa bonde la ziwa hilo si wa mzaha: ng'ambo ya pili, katika Kaunti ya Marsabit, unaendesha mitambo 365 ya kuzalisha umeme.

Kamera ya filamu kubwa ina fadhila yake. Lenzi na filamu huweza kuinamishwa kila kimoja peke yake, hivyo ardhi tambarare huonekana kwa makali kutoka miguuni mwa mpiga picha hadi upeo wa macho bila kubana sana tundu. Aidha, filamu ya negativu huvumilia mwanga mkali wa mchanga mweupe. Dijitali hupoteza kabisa sehemu iliyozidiwa na mwanga, ingawa huokoa mengi yaliyofichwa kivulini.

Joto nalo lina hukumu yake. Filamu huharibika ikiachwa ndani ya gari juani, na vumbi likiingia katika kibebeo chake huacha madoa. Kila kibebeo hubeba karatasi mbili tu. Kwa upande wa dijitali, betri hudai umeme, na vumbi likitua juu ya kihisi huonekana katika kila picha hadi lisafishwe.

Kwa picha za watu, kama zinazopigwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, dijitali ina faida ya heshima: anayepigwa picha huiona papo hapo, naye anaweza kuikataa. Wenye filamu kubwa waliwahi kuwa na njia yao, filamu ya Polaroid Type 55, iliyotoa picha ya kumpa mhusika na negativu ya kuhifadhi. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2008.

Linabaki suala la kudumu. Negativu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vyema hukaa miongo mingi ndani ya bahasha, na mtu huisoma kwa kuinyanyua tu kuelekea dirishani. Faili la dijitali hunakiliwa bila kupungua ubora, lakini lisiponakiliwa hufa pamoja na diski iliyolibeba.

Kwa Kataboi, basi, dijitali inafaa zaidi kwa kazi ya kila siku, na filamu kwa mandhari chache zilizochaguliwa, alfajiri kabla upepo haujashika kasi. Kwa vyovyote vile, mpiga picha aandike mahali aliposimama, urefu wa kamera, mwelekeo, lenzi, tarehe na saa. Bila maelezo hayo, atakayefika miaka 30 baadaye hatajua kama ufuo ndio uliosogea au ni kamera.