Mbinu Rejeshi na Kicheko katika Filamu ya Mazombi

Watahiniwa wengi hutaja mbinu rejeshi wakaishia hapo, bila kueleza kazi yake. Chukua filamu ya Kijapani One Cut of the Dead (2017) yake Shinichiro Ueda, iliyogharimu takriban yeni milioni 3 tu. Dakika 37 za mwanzo, zilizopigwa bila kukatizwa, zinaonyesha waigizaji wakivamiwa na mazombi. Kasoro ni tele: kamera inalala chini kwa muda, fundi wa sauti anang'ang'ania kutoka nje. Tunadhani ni uhaba wa pesa. Kisha msuko unaturejesha nyuma, tunaona upigaji wenyewe: mpigapicha alizidiwa na maumivu ya mgongo, na yule fundi (maskini!) alikuwa akiharisha. Vitushi ni vilevile. Hadhira sasa inajua kilichofichwa, na kinaya hicho ndicho kinachogeuza kitisho kuwa futuhi.