Mtoto Anajengwa Mbele ya Tumbo Kuonekana



Mama wengi wanakuja kupima mimba mara ya kwanza wakati tumbo limekwisha kuwa kubwa, mwezi wa tano, wa sita, hata wa saba. Tukiuliza sababu gani wamekawia, wanajibu: "Mimba ilikuwa ingali ndogo." Wengine wanaogopa maneno ya watu na kijicho cha majirani, kwa hiyo wanaficha mpaka nguo hazifichi tena.

Tunajua woga huo. Lakini mtoto hangoji tumbo lionekane. Kazi kubwa ya kumjenga inafanyika katika majuma ya kwanza, wakati pengine hata bwana yako hajajua. Katika karatasi hii tutafuata majuma ya mimba kusudi uone ginsi mtoto anavyokua, ginsi mwili wako unavyobadilika, na sababu gani kila wakati una kazi yake.

Namna ya kuhesabu majuma

Mimba inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Tangu siku ile mpaka kuzaa ni majuma 40, maana yake siku 280. Kama hedhi ilianza tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, unaongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi mitatu: utangojea mtoto karibu na tarehe 17 ya mwezi wa kumi. Wachache tu wanazaa siku ileile; majuma mawili mbele au nyuma si ajabu.

Kama huna kalenda, funga fundo moja kwenye kamba kila siku ya Mungu. Njoo na kamba yako, tutahesabu pamoja. Usione haya. Anayejua majuma yake anatusaidia kazi sana.

Juma la 1 hadi la 4: hakuna anayejua

Katika majuma mawili ya kwanza mtoto hajakuwapo bado. Mwili unatayarisha yai. Karibu na mwisho wa juma la pili yai linakutana na mbegu ya baba. Linasafiri siku chache, kisha linajishikiza ndani ya tumbo la uzazi. Kwenye juma la 4 ni kitu kidogo kupita punje ya mtama. Wewe unaona jambo moja tu: siku zako hazikuja.

Juma la 5 hadi la 8: kazi kubwa ya kujenga

Sasa angalia. Karibu na juma la 6 moyo wa mtoto unaanza kupiga. Wakati uleule, njia ndogo ya mgongoni itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo inajifunga. Isipofungwa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na kidonda cha mgongo na miguu isiyo na nguvu. Vitamini inayoitwa asidi foliki inasaidia njia hiyo ijifunge. Inapatikana katika mboga za majani na maharagi, na katika vidonge tunavyotoa. Kwa hiyo mama anayetaka mimba anafanya vizuri kuanza vidonge hivyo hata mbele ya kushika mimba. Mara nyingi mwezi wa pili ukiisha, njia ile imekwisha kujifunga au kubaki wazi.

Kwenye juma la 8 mtoto ana urefu wa sentimetre moja na nusu hivi, kama mbegu ya haragi. Lakini mikono na miguu imeanza, na vidole vinajitenga.

Wewe mama, unachoka, matiti yanauma, unaenda kukojoa mara kwa mara, unatapika asubuhi. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usikae na njaa. Kama unatapika kila kitu, hata maji, njoo.

Huu si wakati wa kunywa dawa ovyo. Kidonge cha sokoni, miti ya kienyeji ya nguvu, pombe ya kienyeji na ya chupa, vyote vinaweza kupita mpaka kwa mtoto wakati viungo vyake vinajengwa. Kama una homa, usijitibu. Njoo upimwe damu. Na kama unasikia uchungu mkali upande mmoja wa tumbo, au unatoka damu, au unazimia, usingoje kesho. Pengine mimba imeshika nje ya tumbo la uzazi, na hiyo inaua upesi.

Juma la 9 hadi la 12: njoo sasa

Kwenye juma la 12 mtoto ana sentimetre 6 hivi. Ni mdogo kuliko kidole chako, lakini viungo vyake vyote vimekwisha kuwekwa mahali pake: moyo, maini, mafigo, macho, masikio. Kazi inayobaki ni kukua na kukomaa. Tumbo lako la uzazi linaanza tu kupanda juu ya mfupa wa chini ya tumbo. Kwa nje mtu hawezi kuona.

Kwa sababu hiyo tunasema: kipimo cha kwanza kifanyike mbele ya juma la 12 kuisha. Siku ile tunapima kilo, urefu na mkazo wa damu, ule tunaouita tansio. Tunapima damu kuona kama inatosha, na kama kuna kaswende au virusi vya ukimwi. Magonjwa hayo mawili yanaweza kumpata mtoto tumboni mama mwenyewe asiposikia kitu. Yakijulikana mapema, kuna dawa, na mtoto anaweza kuzaliwa mzima. Tunaandika yote kwenye fishi yako, na haisomwi mbele ya watu. Ficha mimba kwa jirani ukitaka; usiifiche kwa mganga.

Chanjo ya pepopunda nayo ina hesabu yake. Kwa mama asiyepata chanjo zamani, sindano ya pili inakuja majuma manne nyuma ya ile ya kwanza, na inafaa ipite majuma mawili mbele ya kuzaa. Mama anayekuja mwezi wa tisa hana nafasi ya kumaliza hesabu hiyo.

Juma la 13 hadi la 20: mtoto anajijulisha

Kondo la nyuma, yaani mahali mtoto anapopatia chakula na hewa, sasa linafanya kazi yote. Kutapika kunapungua, hamu ya kula inarudi.

Lakini kondo hilo ni maficho ya malaria. Vijidudu vinajificha mle, vinakula damu yako na kumnyima mtoto chakula, pengine wewe husikii homa hata kidogo. Ndiyo sababu tangu juma la 13 tunakupa Fansidar, unameza mbele yetu, kisha tena kila mwezi mpaka kuzaa. Inafaa upate angalau mara tatu. Kama unakunywa Bactrim kila siku, utuambie, kwa maana dawa hizo mbili hazichanganywi. Tunakupa pia dawa ya minyoo na musikitere yenye dawa ya mbu. Musikitere ni ya kulalia wewe, si ya kuvua samaki wala kufunika miche ya shamba.

Kwenye juma la 18 hadi la 20, mama wa mimba ya kwanza anasikia mtoto akicheza. Aliyezaa zamani anamsikia mapema kidogo. Kwenye juma la 20 mtoto ana gramu 300 hivi, na tumbo la uzazi limefika kitovuni. Mama mzalishaji anaweza kusikia moyo kwa ile pembe ndogo ya mti: unapiga mara 110 hadi 160 kwa dakika moja, upesi kupita wako.

Juma la 21 hadi la 28: kujenga damu

Tangu mwanzo wa mimba mwili wako unaongeza damu. Karibu na juma la 32 inakuwa imeongezeka karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Sababu gani? Kwanza kumlisha mtoto. Tena kukutayarisha kwa siku ya kuzaa, kwa maana kila mama anatoka damu siku ile. Mama mwenye damu ya kutosha anavumilia. Mama aliye na damu kidogo anaweza kufa kwa kutoka damu ambayo mwenzake angeivumilia.

Ukiona unachoka sana, moyo unapiga mbio ukipanda mlima, ndani ya kope na viganja ni vyeupe, damu imepunguka. Damu haijengwi kwa siku moja. Mama anayeanza vidonge vya damu kwenye juma la 12 ana majuma 28 ya kuvimeza. Anayeanza kwenye juma la 34 ana majuma 6 tu. Kidonge ni kilekile, lakini wakati umepotea, na hatuwezi kuununua. Meza kimoja kila siku. Choo kitakuwa cheusi, hakuna kuogopa. Usikimeze na chai, kwa maana chai inazuia nguvu yake.

Kula sombe, lenga-lenga, matembele, maharagi, karanga, sambaza au ndakala, na mayai. Wengine wanakataza mama mwenye mimba kula mayai au samaki. Desturi hiyo inamnyima mtoto chakula cha kumjenga. Ukitamani kula udongo, tuambie. Mara nyingi ni alama ya damu kidogo, na udongo unaweza kuleta minyoo na kuzidisha ugonjwa.

Tena, tangu mwanzo hata mwisho, tumia chumvi yenye yodi. Katika miaka ya 1960 waganga walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, wakakuta wengi sana wenye rovu. Ugonjwa ule haukomi shingoni mwa mama. Yodi ikikosa, akili ya mtoto haikui vizuri. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unazidisha shida hiyo. Uloweke siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha uanike.

Kwenye juma la 28 mtoto ana kilo moja hivi. Anafungua macho, anasikia sauti yako.

Juma la 29 hadi la 36: tansio na njia

Mtoto anaongezeka upesi. Kwenye juma la 36 ana kilo mbili na nusu hivi, na wengi wamekwisha kugeuza kichwa chini. Tukikupima tumbo kwa utepe, sentimetre zinakaribia hesabu ya majuma: juma la 30, sentimetre 30 hivi. Zikipita sana pengine ni mapasa. Zikipunguka pengine mtoto hakui.

Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au nyota, tansio imepanda. Tansio ya 14 juu ya 9 ni alama ya hatari, nayo mara nyingi mama haisikii. Mashine tu ndiyo inayoiona. Ikiachwa inaleta kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Si uchawi wala laana. Ni ugonjwa, na hospitali ina dawa yake.

Lala upande, si chali, kusudi damu imfikie mtoto. Punguza mizigo mizito ya kuni na maji. Wa nyumbani wakusaidie. Sema na bwana yako sasa: nani atakusindikiza, nani atabaki na watoto, feza za pikipiki ziko wapi, watu wa kipoyi ni nani kama mvua imekata njia.

Juma la 37 hadi la 40: karibu na maternite

Mtoto amekomaa. Kichwa kinashuka, unapumua vizuri lakini unakojoa mara nyingi. Kama unakaa mbali, au ulipasuliwa zamani, au una mapasa, au uzazi uliopita ulikuwa mgumu, usingojee uchungu nyumbani. Uliza tangu mapema kama hospitali ina nyumba ya kungojea, ufike mbele ya juma la 38. Uchungu ukianza usiku ukiwa mbali, mtoto hatangoja gari. Tena ikipita juma la 41 pasipo uchungu, njoo tukuangalie.

Alama za hatari: kwa juma lolote, njoo mara moja

– Damu inatoka, hata kidogo, hata pasipo maumivu.
– Kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso umevimba.
– Degedege au kuzimia.
– Homa.
– Maji yanatoka mbele ya uchungu.
– Tumbo linauma sana pasipo kuacha.
– Mtoto aliyekuwa akicheza amenyamaza, au anacheza kidogo kupita desturi yake.

Mama, zamani tulisema kupima mimba mara nne kunatosha. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Dunia linashauri mara nane, ya kwanza mbele ya juma la 12. Ni safari nyingi, kweli, na shamba linangoja. Lakini kila safari ina kazi ambayo ile inayofuata haiwezi kurudisha nyuma.

Basi hesabu siku zako. Zikikosa kuja, funga fundo la kwanza, uje. Tena mwambie dada yako, na mke wa ndugu yako, na msichana wa jirani anayeona haya: asingoje tumbo lake limsemee.