Kitambulisho cha Machinga Hakigawi Eneo

Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kilichoanza kutolewa Tanzania Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, hakimruhusu machinga kupanga bidhaa popote anapotaka. Kila meza zinapohamishwa huulizwa swali lilelile: mwenye kitambulisho anaondolewaje? Swali lenyewe limekosewa. Kitambulisho kilihusu malipo: mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa kiasi hicho, akaepushwa na ushuru wa kila siku. Eneo la kuuzia ni suala jingine kabisa.

Risiti ya ushuru nayo hubebeshwa mzigo usio wake. Inathibitisha kwamba fedha imepokelewa, basi. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na anayetaka kujenga chochote humo lazima apate kibali cha mamlaka ya barabara. Mamlaka hiyo ni Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), si halmashauri. Hata risiti 100 haziwezi kumpa mtu ardhi ambayo aliyemtoza hana uwezo wa kuigawa. Halmashauri inayokusanya ushuru hapo mwaka mzima kisha ikatuma mgambo alfajiri ndiyo iliyoilea imani kwamba risiti inampa mtu eneo, na lawama ni yake kabla ya kuwa ya machinga.

Wala mita 60 hizo za hifadhi hazikuwekwa ili mji upendeze. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, gari limeshakwenda mita 20 na ushee, breki ndiyo kwanza inaanza kushika. Meza iliyoziba kona humnyima dereva mita hizo, na anayezilipia ni mtoto anayevuka. Njia ya waenda kwa miguu ikijaa mitumba, watu hushuka kwenye lami, wakiyapa magari migongo. Jiko la mkaa likiwekwa chini ya turubai, na turubai likaziba uchochoro wa kupitisha gari la zimamoto, moto mdogo hula mtaa.

Anayetafuta eneo aanzie ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa biashara, ajiandikishe, aulize barabara husika iko chini ya TANROADS au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Halmashauri nazo zichore mistari inayoonekana, zifunge mitaa midogo kwa saa maalumu, zijenge vizimba karibu na vituo vya daladala; vizimba vingi vya jengo la Machinga Complex, Ilala, Dar es Salaam, vilikaa vitupu kwa muda mrefu kwa sababu wateja hawakupanda ghorofani. Notisi iwe ya maandishi, eneo mbadala lionyeshwe kabla ya siku ya kuhama, na bidhaa zinazochukuliwa ziorodheshwe mbele ya mwenyewe.