Mgonjwa wa SS na nguvu za siku moja

Selimundu, ugonjwa ambao Kisangani unajulikana zaidi kama SS, humfuata mtu tangu kuzaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima watoto wachanga 520 mjini humo. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa amerithi kasoro ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja. Watano waliirithi kwa wote wawili, nao ndio wagonjwa.

Maumivu ya SS yanajulikana. Uchovu ndio unaosahaulika.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa SS huishi siku 10 hadi 20 tu. Mwili hutengeneza nyingine usiku na mchana bila kufidia zilizokufa, basi oksijeni inayofika kwenye misuli ni kidogo na moyo hupiga mbio kwa kazi ndogo. Huo si uvivu, na inasikitisha kumwona kijana akigombezwa kwa sababu ameketi.

Chukua kazi ya kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo. Mtwangaji husimama, huinua mchi na kuushusha tena na tena, jasho likimtiririka katika joto zito la mji ulio jirani kabisa na ikweta. Maji yakipungua mwilini, chembe zilizopinda kama mundu hunasa kwa urahisi katika mishipa midogo, na maumivu huanza. Lakini majani yanaweza kusagwa kwa mashine, au mgonjwa ayachambue ameketi, kikombe cha maji kando yake, mwingine atwange. Kuchambua nako ni kupika.

Kazi nyingine hugawanywa vivyo hivyo: nguo chache leo, chache kesho, ndoo nusu badala ya ndoo nzima, kuoga akiwa ameketi, kupanda toleka (baiskeli ya abiria) kwenda sokoni ili nguvu zibaki za kurudi na kupika. Na apumzike kabla hajachoka, maana akingoja mpaka aishiwe nguvu, huenda kesho yote ikapotea kitandani. Akinyeshewa, abadilishe nguo mara moja: baridi nayo huamsha maumivu.

Pumziko lina mpaka wake. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kuuma, kupumua kwa shida, kupauka ghafla au kulegea upande mmoja wa mwili: hapo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.