Hikkim: mwenzenu nimetiwa adabu na mlima

Anayesema penye barabara hapana shida, hajapanda gari kutoka Manali kwenda Spiti, kule India kwenye milima ya Himalaya. Hadi mji wa Kaza ni kama kilometa 200 tu, lakini zinakula siku nzima! Njia ni mawe matupu, maji ya barafu yanaikata, na chini ni korongo. Mwenzenu nilifumba macho.

Pale Kunzum, barabara inapovuka mlima kwenye mita zaidi ya 4,500, karibu sawa na kilele cha Meru yetu, dereva alilizungusha gari kwenye hekalu kuomba salama. Sikucheka. Kichwa kilikuwa kinagonga, pumzi hakuna.

Tulipofika Kaza nikataka siku ile ile tupande Hikkim. Dereva akagoma: "Dada, huko hewa ni nyepesi. Lala kwanza." Ubishi wangu uliishia kwenye ndoo, natapika. Tukalala siku mbili. Msomaji, hilo si la utani. Ugonjwa wa mwinuko unaua, na ukizidi dawa yake ni kushuka.

Hikkim nyumba ni za udongo, juu ya mapaa yake bapa wameanika majani ya mifugo. Nikakaribishwa chai ya siagi na chumvi, we acha tu! Na posta ipo, tangu 1983, mita kama 4,400 juu. Nikamwandikia mama kadi: "Nimefika. Mzima."

Hilo neno la pili ni la yule dereva.